Maoni Yasiyo na Jina kutoka Ikolo

Dar es Salaam,
8 Machi 1999

Mpendwa Mjomba Zebedayo,

Ugonile, mjomba, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Eliya na wote wa hapo Ikolo, na kwamba mgongo hausumbui sana masika haya. Mimi sijambo, ila joto la huku limenifanya nilikumbuke hata joto la Kyela kwa heshima.

Uliniuliza kampuni yetu inauza nini hasa. Inauza programu, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta ili ijue kufanya kazi fulani, kama kutunza orodha ya wagonjwa wa hospitali. Tuko wafanyakazi tisa, ghorofani juu ya duka la magodoro. Mwenye kampuni ni Bwana Bashiri, aliyesoma India. Mwaka huu kazi ni nyingi kwa sababu watu wanaogopa kwamba ukifika mwaka elfu mbili kompyuta zao zitachanganyikiwa tarehe.

Sasa nina shida. Bwana Bashiri amesoma mahali kwamba kampuni nzuri huwauliza wafanyakazi maoni. Ametugawia karatasi yenye swali moja juu, "Unaonaje kufanya kazi hapa?", na mistari mitupu mpaka chini. Tusiandike jina. Tuzitume kwa posta, asijue nani kaleta ipi. Lakini mwandiko wangu anaujua, na printa iko moja tu, mezani kwake. Hapa mjini sina ninayemwamini kwa jambo hili. Nakuomba, kwa ule mwandiko wako wa karani wa ushirika, uninakilie haya:

Moja, kazi yenyewe naipenda. Programu ikikubali baada ya siku tatu za kukataa, natamani kupiga vigelegele. Mbili, Bwana Bashiri asisimame nyuma ya viti vyetu, vidole vinasahau. Tatu, asiwaahidi wateja kitu ambacho hatujakitengeneza, kisha akatuuliza sisi kwa nini hakipo. Nne, mkutano wa Jumamosi ni mrefu mno.

Ni hayo tu. Nakili neno kwa neno, mjomba. Usiongeze. Karatasi na anwani ya kampuni nimeviweka humu ndani.

Mpwa wako,
Jubilate


Ikolo, Kyela,
29 Machi 1999

Mpendwa mpwa wangu Jubilate,

Marahaba, mwanangu. Sisi hatujambo. Mgongo upo, unanitabiria mvua kabla redio haijasema. Mto umekula kipande cha shamba la chini, lakini mpunga uliobaki umesimama vizuri. Mama Eliya alikwenda sokoni Lyulilo kununua vyungu. Akarudi na vyungu viwili na habari za watu kumi na wawili.

Kazi yako nimeimaliza. Nimenakili neno kwa neno, wala sikuongeza neno. Nimeongeza sentensi chache tu.

Usishtuke. Kwanza, ulianza bila kichwa cha habari. Nikaweka: "YAH: MAONI YA MTUMISHI KUHUSU MWENENDO WA KAMPUNI." Halafu mistari ilikuwa imebaki mingi, na karatasi yenyewe ni nzuri. Pale kwenye mkutano nikafafanua kwamba "kiongozi anayezungumza tangu asubuhi hadi adhuhuri hatafuti wa kumsikiliza, anatafuta wa kumwogopa." Kisha nikaona hukugusa chakula hata kidogo. Nikaandika kwamba watu wanaouza kitu kisichoshikika wapewe angalau chakula kinachoshikika. Nilimsomea Ambrose, mzee wa kanisa. Akasema hiyo ya mwisho angeiunga mkono hata kwenye baraza la wazee.

Nimeituma kwa rejista ili isipotee njiani. Karani wa posta alikataa kuipokea bila jina la mtumaji, nikamwandikia langu. Lakini lako halipo popote. Kaa kwa amani.

Mjomba wako anayekuombea,
Z. Mwakifuna


Dar es Salaam,
19 Aprili 1999

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ilifika. Ilifika na muhuri wa Kyela mkubwa kama kisahani. Juzi Jumamosi Bwana Bashiri aliisoma yote mkutanini kwa sauti, pamoja na kichwa cha habari. Alipofika kwenye "anatafuta wa kumwogopa", Kheri wa meza ya pili alicheka, kisha akajifanya amepaliwa. Bwana Bashiri akainua bahasha juu akauliza, "Nani hapa ana mtu Kyela?"

Kheri, Mungu ambariki, akasema, "Bosi, sisi sote tunakula mchele wa Kyela."

Haikusaidia. Faili langu la ajira lina neno Kyela mara tatu. Saa nane akaniita ofisini kwake.

"Mwakifuna ni nani kwako?"

"Mjomba wangu."

"Naye ameajiriwa hapa?"

Amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Niandike barua ya kuomba radhi, niseme maoni yale yote ni ya mtu wa nje na mimi sina lalamiko lolote, au nikatafute kazi kwingine.

Nilikuomba kitu kimoja, mjomba. Katika kazi yangu ukizidisha nukta moja tu, mashine nzima inagoma, nawe umezidisha sentensi. Tafadhali usinijibu. Moyo ukitulia nitakuandikia mwenyewe.

Jubilate


Ikolo, Kyela,
10 Mei 1999

Mwanangu Jubilate,

Ulisema nisijibu. Naomba unisamehe na hili pia. Hali sikuulizi, maana ulishaniambia uzima ni wa mwili tu.

Mama Eliya aliisoma barua yako akanyamaza siku mbili, na wewe unamjua. Siku ya tatu akasema, "Zebedayo, mtoto alikuomba mkono, wewe ukampa na mdomo."

Nikueleze lililonipata, si kwa kujitetea. Nilikaa ushirika miaka kumi na tisa nikiandika barua za wengine. Meneja akisema, naandika. Katibu akisema, naandika. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja naonaje. Siku walipokuja kutuambia kwamba chama kinafungwa, kakao sasa itanunuliwa na watu binafsi na sisi makarani hatuhitajiki tena, yule ofisa alifunga faili lake akauliza, "Kuna mwenye la kusema?" Nilikuwa nalo, Jubilate. Nilikuwa nalo refu. Nikasimama nikasema, "Hatuna, mheshimiwa." Nikawasemea wote, kwa kuwa nilikaa mbele.

Sasa nilipoiona karatasi ina swali lile na mistari mitupu, mkono ulikwenda wenyewe.

Andika radhi, mwanangu. Sema ni upuuzi wa mzee mmoja wa Ikolo. Sitaumia. Kazi ni yako, si yangu.

Mjomba wako,
Zebedayo


Dar es Salaam,
7 Juni 1999

Mjomba wangu,

Ugonile, na shikamoo mara mbili, hii na ile niliyoitoa kwa kinyongo. Mgongo unaendeleaje? Mama Eliya ameanza kusema na wewe?

Barua ya radhi niliiandika. Niliiandika vizuri, hata kichwa cha habari nikaweka. Tarehe thelathini na moja nikaipeleka. Bwana Bashiri akanyoosha mkono kuipokea, nami sikuiachia. Tukawa tumeishika wote wawili kama wanawake wanaogombea kanga moja dukani.

Nikasema, "Bosi, yaliyomo humu si kweli. Katika yale maoni, manne ya kwanza ni yangu. Mjomba aliyaongezea, lakini nami nayaona vilevile. Uliuliza tunaonaje. Hivyo ndivyo ninavyoona."

"Hata hilo la kutafuta wa kuniogopa?"

"Hata hilo, bosi. Hapa nilipo miguu inatetemeka."

Akaitazama miguu yangu, mjomba. Akainama kabisa akaitazama! Kisha akaachia karatasi. Akasema wenzangu wote wanane wameandika kwamba kampuni ni nzuri sana na hawana la kuongeza, maneno yaleyale, mpaka akadhani wamenakiliana. Mwisho akasema, "Nenda kafanye kazi." Mpaka leo sijui kama nimesamehewa au nimeahirishwa.

Mkutano ungalipo, ila siku hizi anatazama saa. Nyuma ya viti bado anasimama, lakini anakohoa kwanza. Wateja anaendelea kuwaahidi. Chakula hakuna, Kheri anasema hilo uliandikie tena.

Nilikukasirikia na nilikuwa na haki, sitakudanganya. Lakini hilo la ofisa na faili sikuwahi kulisikia, na mama yangu naye kaniandikia kwamba hajawahi kulisikia. Ndaga fijo kwa kuniambia. Ahsante sana.

Mpwa wako, tena mpwa kabisa,
Jubilate


Ikolo, Kyela,
28 Juni 1999

Mpwa wangu Jubilate,

Marahaba, zote mbili. Sisi wazima. Mpunga tumeuingiza ndani wote.

Barua yako Hezroni wa dukani aliileta nikiwa nimekaa uani naanika kakao. Nikaisoma hapohapo kwenye kigoda. Nilipofika pale ulipomwambia, "Hivyo ndivyo ninavyoona," nikajikuta nimesimama.

Mama Eliya akachungulia kutoka jikoni. "Nani amekuja?"

Nikamwambia hakuna.

"Sasa mbona umesimama?"

Nikamsomea. Akafuta mikono, akatoka nje, akasimama na yeye.

Mjomba wako,
Zebedayo