Chai ya Bibi Tuda

Rabat, 8 Januari

Baba mpenzi,

Asalaam alaykum. Hujambo wewe, halijambo goti lako, hawajambo ngamia? Mimi mzima, ila miguu inauma kwa mazoezi. Alfajiri nakimbia, na baada ya kazi napanda na kushuka ngazi za ofisi, ghorofa saba, hadi mlinzi ananiuliza nimepoteza nini.

Nina habari mbili. Ukuu wa kitengo cha madaraja uko wazi, na jina langu limo. Tutajua mwezi wa tatu ukiisha. Halafu nimejiandikisha tena mbio za jangwani, siku sita, katikati ya mwezi huohuo. Mwaka juzi nilitolewa siku ya nne, mwaka jana ya tano. Safari hii namaliza.

Kwa hiyo matembezi yetu ya miguu hadi Iriki tuyasogeze tena, Baba. Najua nilikuahidi, na najua hii ni mara ya tatu. Likizo yote inaliwa na mbio.

Kuna jambo moja naliomba kwa aibu. Wewe ndiye unayeongoza ngamia wanaofuata nyuma ya wakimbiaji wote, na ngamia wakimpita mtu, huyo hana mbio tena. Ukiuona mgongo wangu, jifanye unafunga kamba za viatu.

Mwanao, Itto

Mhamid, 21 Januari

Itto mwanangu,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima. Goti linanung'unika lakini linatembea, na ngamia wanakula kuliko mimi.

Cheo nimekifurahia. Nimeshawatangazia watu msikitini, kwa hiyo usiniaibishe.

Kuhusu kamba, mimi navaa ndala. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne bila kumpunguzia mtu hatua moja. Nilimpita hata daktari aliyenitibu jicho. Mama yako, Mungu amrehemu, ningempita pia, kisha ningelala nje. Wewe kimbia tu.

Iriki hamna neno. Ila nilitaka kukuonyesha visima vyote tisa vya njia ya babu yako nikiwa bado natembea. Daktari anasema goti hili lina mwaka mmoja wa safari ndefu, labda miwili.

Baba yako

Rabat, 2 Aprili

Baba,

Asalaam alaykum. Natumai u mzima. Cheo nimepata, nimeanza jana.

Haya kwenye simu yalinishinda. Siku ya tano nilikuwa nimewaacha ngamia wako nusu saa nzima. Nikafika kwenye hema la Bibi Tuda, yuleyule wa chai ya utotoni mwangu. Wakimbiaji wageni walimpungia mkono wakapita. Mimi akaniita, "Binti Bassou, siku hizi unapita mlangoni kwangu bila salamu?" Ningepitaje? Nikaketi. Glasi ya kwanza, ya pili, na unajua hakuna anayenyanyuka kabla ya ya tatu, na birika la Bibi Tuda halina haraka. Nilitabasamu huku nahesabu dakika.

Ukatokea. Akakuita na wewe, "Bassou, keti, chai ipo." Ukasema, "Niko kazini, Tuda." Ukapita na ngamia wako, hukunitazama.

Kunipita sikulaumu, ulishanionya. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba chai haikataliwi. Nimetolewa mbioni kwa adabu uliyonilea nayo, na siku hiyo wewe hukuwa nayo. Niliumia, Baba. Glasi yako alikuwa ameshaijaza. Aliitazama, akaimwaga mchangani taratibu.

Kazi ni nyingi sasa. Iriki sijui.

Itto

Mhamid, 9 Septemba

Itto mwanangu,

Asalaam alaykum. Joto linapungua, tende zimeanza kuiva, goti lipo. Nisamehe kwa miezi mitano. Barua hii nimeianza mara nne.

Ulisema kweli. Nilijiambia ni kazi. Lakini niliogopa kwamba nikiketi karibu yako sitaweza kusimama na kukupita. Nikamkosea mwanamke aliyenipa maji miaka arobaini.

Mwezi wa tano nilirudi kuinywa ile chai. Nilibeba sukari, na nanaa mbichi nimeifunga kwenye kitambaa kilicholowa. Hema halikuwepo. Nilikuta mawe matatu ya jiko na majivu. Wachungaji wanasema amehamia upande wa Iriki kufuata malisho, tena anaumwa. Nilikaa pale hadi nanaa ikanyauka, nikarudi.

Nimewaambia waandaaji wa mbio watafute mtu mwingine wa ngamia. Sikuandikii haya ili uje. Una watu wa kuwaongoza. Ulistahili jibu, basi.

Baba yako

Rabat, 20 Septemba

Baba mpenzi,

Asalaam alaykum. Mimi mzima. Nimelia kidogo ofisini, katibu akaniletea maji.

Nimeomba siku kumi na mbili za Novemba. Mkurugenzi akauliza, "Mbio tena?" Nikasema hapana, natembea na baba yangu. Akanikumbusha kwamba mwezi huo tunafungua daraja jipya, mkuu wa kitengo atakosekanaje? Nikamwambia daraja limeshasimama, halinihitaji. Hakupenda, na huenda jambo hili likaniponza. Nimelikubali. Mbio za mwakani pia sijajiandikisha.

Tutapita visima vyote tisa kwa mwendo wa goti lako, na kila hema tutakalolikuta tutauliza habari za Bibi Tuda. Sukari nabeba mimi. Nanaa ni yako, na usiikate hadi unione nashuka basi.

Mwanao, Itto