Glavu Iliyopunga Mkono

Mume wangu, fundi wa maneno,

Sisi wazima. Usiliuze gari lako kwa kuvuja oili, injini haijafa. Nilifungua kifuniko cha oili, nikavalisha mdomo wake glavu ya kuoshea vyombo, nikawasha. Glavu ikavimba, ikasimama vidole wazi: pumzi ya injini haina pa kutokea, ndiyo inasukuma oili nje. Kwenye mpira wa kupumulia nikakuta leso yako! Uliuziba nilipokuwa na mimba, harufu ya oili isinitapishe. Kweli mapenzi hayana macho. Si ungeniuliza mimi fundi?

Nimeitoa, haivuji tena.

Ila binti yako alipoona glavu inatikisika, aliipungia, akasema, "Kwaheri, Baba." Anakujua kwa mkono unaopunga dirishani mwa basi tu, ukirudi kazini mbali.

Leso nimeifua. Ifuate mwenyewe.

Mkeo, mikono michafu