Mchawi wa Fundi Friji Kafutwa, na Mwanangu Kafunga Kitabu

Mshauri wangu mpendwa, huwa nakusoma huku nakata vitambaa na kuwacheka wenzangu wenye shida, leo zamu yangu imefika, naomba msaada na usinizungushe, maana nina hasira mpaka sindano inanichoma vidole.

Mimi ni fundi cherehani, shule sikufika mbali, lakini nimezaa. Binti yangu anauza kwenye duka la dawa na watu wanapanga foleni upande wake hata kama upande wa pili hakuna mtu, na sisemi hivi kwa sababu ni wangu, ungemwona ungesema mwenyewe. Kila Jumamosi jioni nikishaondoa vitambaa kwenye meza yangu ya kukatia nguo, yeye na wenzake wanakaa pale kucheza mchezo wao wa hadithi. Kama huujui nikueleze: mmoja ndiye msimulizi, na huyo ni mwanangu, wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika anafanya nini, halafu anarusha dadu kuona kama ameweza au ameumbuka. Kanuni ziko kwenye kitabu, chao ni cha zamani, kila kikianza kuachia kurasa nakishona mgongo kwa uzi wa jinzi, kazi ambayo hata waliokichapa hawakuiweza.

Mwanangu akisimulia hapigi kelele. Anashusha sauti, na watu wazima na ndevu zao wanainama juu ya meza kama wanatafuta pini iliyodondoka. Mimi mwenyewe niliwahi kushona mkono wa gauni la mteja ndani nje kwa kusikiliza kama daraja la kwenye hadithi litakatika au halikatiki.

Balaa lililetwa na mtoto wa dada yangu, tunamwita Bosi kwa vile hajawahi kuajiriwa. Huyu anashinda kwenye simu akiangalia watu maarufu wanaocheza mchezo huu huu laivu, wana taa, wana mapazia, wengine ni waigizaji wa kulipwa, basi siku moja akaja na kamera akaifunga kwenye rafu yangu ya nyuzi, hakumuuliza mtu, "Mama mdogo, tunaenda kuwa mastaa!" Watazamaji walipoanza kuingia, yeye kazi yake ikawa kusoma komenti kwa sauti hadithi ikiendelea. "Msimulizi gani huyu, anasimulia kama anasoma risiti." "Jitu gani la hadithi lina sauti ya mhudumu wa benki?" Mwanangu huyo! Halafu mwingine huko aliko akaandika kwamba toleo jipya la kanuni limetoka zamani, sisi tumetokea makumbusho gani?

Jumamosi iliyofuata Bosi akaja na toleo jipya. Sasa pale mezani yupo fundi friji, mwanamume wa miraba minne, ana mchawi wake kizee kiwete anayeponya watu kwa kuwapigia filimbi, amekuwa naye tangu mchezo unaanza. Nikamwona anafungua kurasa, anarudi nyuma, anafungua tena.

"Mama," akaniambia, "babu yangu wamemfuta."

"Nani kamfuta?"

"Waliotunga kanuni. Mchawi wa aina yake hayupo tena."

"Wamewahi kufika hapa? Wanamjua?"

"Hawamjui, mama."

"Sasa wanamfutaje mtu wasiyemjua?"

Bosi akadakia, "Mama mdogo, si mimi, ni toleo. Watazamaji hawataki mambo ya kizamani." Na nesi mmoja anayecheza nao, mtu mpole, akamgeukia, "Hao watazamaji wako ndio wanaokalia hivi viti?"

Mwanangu akakifungua hicho kitabu kipya, akajaribu kusimulia kwa sauti nene ya jitu, mshauri, sauti si yake, ikamkatikia katikati kama mtu aliyepaliwa. Komenti za kicheko zikamiminika na Bosi, bila haya, akazisoma.

Hapo nikaiacha cherehani. Nikasimama mbele ya kamera na futi kamba shingoni na chaki sikioni, nikawaambia, "Nyie mliolala chali mnamsema mtoto wa watu, simulieni nyie basi tuwasikie!" Nikawaeleza alivyokuwa wa kwanza darasani, nikawaeleza tangu mdogo anasimulia, kwamba hata chooni alikuwa anaacha mlango wazi ili asiukatishe mkasa, nani kati yenu ana kipaji cha hivyo? Nilisema vizuri, hata fundi friji alipiga makofi.

Lakini mwanangu alifunga kitabu, akasema, "Mama, hata wewe hukuniuliza," akaingia chumbani na kile kitabu cha zamani. Kile kipande cha video yangu kimesambaa, wateja wanakuja wananiita Mama Simulieni Nyie, na Bosi anataka nitokee kila Jumamosi na futi kamba. Mchezo umekufa. Binti akitoka kazini ananisalimia vizuri, anakula, anajifungia, hata uzi wangu wa jinzi na ile sindano kubwa kachukua hajarudisha na nina suruali ya mteja inangoja. Nataka kumfukuza Bosi na kamera yake, meza ni yangu, ila dada yangu anasema nikimfukuza mwanawe nisikanyage kwake. Niambie kama nimekosea kumtetea mwanangu. Najua sijakosea.

Mama wa Msimulizi

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Msimulizi, ungejua hujakosea usingeandika.

Hasira yako naielewa na Bosi anastahili nusu yake. Kumsomea mtu matusi akiwa katikati ya kazi ni ukosefu wa adabu, kuwe na kamera kusiwe. Wale maarufu wanacheza kwa ajili ya watazamaji, ndiyo kazi yao. Binti yako anasimulia kwa ajili ya wanaokaa mezani. Sauti inayowafanya watu wainame haihitaji kuwa nene. Na kanuni mpya hazina polisi: hakuna atakayekuja kuchukua kitabu cha zamani. Wakitaka jipya walichukue, wakitaka mchawi wao abaki na filimbi yake, abaki. Wataamua wao.

Wao, mama. Si wewe.

Bosi aliifunga kamera bila kumuuliza binti yako. Wewe ukaitumia bila kumuuliza. Yeye alimwaibisha kwa maneno ya wageni, wewe ukaongeza habari za chooni, na za kwako ndizo zimesambaa! Katika barua yako nimemsikia Bosi, fundi friji, nesi, hata watu wasiojulikana walipo. Binti unayemsifu kwa kusimulia umempa sentensi moja tu, nawe ukaipita mbio kwenda kunieleza umaarufu wako.

Sasa sikiliza. Leo hii mwambie Bosi aitoe kamera kwenye rafu yako na akifute hicho kipande cha video. Waliokihifadhi wanacho, hilo huwezi kulirudisha, ndiyo maana utaomba radhi kikamilifu. Nenda kwa dada yako mwenyewe, umwambie mwanawe hajafukuzwa: kiti chake kipo, kamera ndiyo haina kiti mpaka msimulizi aseme. Kisha mwombe binti yako msamaha, kwa maneno machache, bila kutaja alikuwa wa ngapi darasani. Usimuulize mchezo utarudi lini.

Na fundi mzima wewe, unanilalamikia kwamba uzi wa jinzi na sindano kubwa vimeingia chumbani kwake havijatoka. Unadhani anashona nini humo?

Usimgongee mlango kudai. Kanunue uzi mwingine umalize suruali ya mteja, na Jumamosi uondoe vitambaa mezani mapema.