Usiniambie Umeelewa

Timbwani, Likoni
Jumamosi asubuhi

Mdogo wangu mpendwa Eddah,

Kosa tulifanyalo wengi tunapoamkiana ni kuuliza swali ambalo jibu lake tumeshalishika mkononi. Tunasema hujambo, na mwenzetu, hata akiwa na homa ya siku tatu, atasema sijambo, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Basi leo sikuulizi hujambo. Nauliza: lile goti la kushoto, wapanda ngazi za kanisani bila kushika ukuta? Na shemeji Katana ameacha kukohoa asubuhi, au bado anasingizia vumbi la Chaani? Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika, marahaba. Sisi huku ni wazima, na safari hii nasema kweli.

Habari niliyo nayo ni njema, ila ina mkia, na mkia huo unakuhusu. Nivumilie niieleze kwa utaratibu. Wanijua, siwezi kutoa jibu bila kuonyesha njia.

Mwezi wa tano, chuo cha jamii kilichofunguliwa Shika Adabu kilitangaza nafasi ya msimamizi wa wakufunzi wasaidizi wa hisabati na sayansi. Wakufunzi hao ni vijana kumi na mmoja wanaoketi na wanafunzi waliobaki nyuma, mmoja mmoja, wakiwaelekeza. Msimamizi hana darasa lake. Kazi yake ni kuwatazama vijana wale wakifundisha, na kuwasaidia wafundishe vizuri zaidi. Jirani yangu Baya aliponiona najaza fomu alisema kwamba mstaafu wa miaka sitini na mmoja hupanda mihogo, hapandi vyeo. Nilimjibu kwamba mihogo yangu huota bila kusimamiwa. Tulicheka, lakini moyoni sikuwa na mzaha. Tangu nistaafu ualimu nilikuwa nikiamka alfajiri, navaa viatu, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Niliitaka kazi hii kuliko nilivyoitaka ile ya kwanza.

Tulioitwa tulikuwa sita. Mmoja alikuwa na shahada ya uzamili na kompyuta ya kubeba. Mimi nilikuwa na bahasha ya kaki na kalamu mbili. Waliotusaili ni Bi Jalila, mkuu wa chuo, mama mtulivu wa Kisauni, na Bwana Chrispine, mkuu wa idara ya sayansi, mtu wa bara mwenye maneno ya haraka. Bwana Chrispine alizitazama mvi zangu, akaniuliza kama nafahamu kwamba vijana wa siku hizi wana majibu yote kwenye simu. Nilisema nafahamu, na ndiyo sababu wanahitaji mtu wa kuwauliza maswali. Bi Jalila aliinamia karatasi zake kuficha kicheko.

Kisha ukaja mtihani wenyewe. Kila mwombaji alikalishwa nyuma ya chumba amtazame mkufunzi mmoja akifanya kazi, halafu aseme angemshauri nini. Mkufunzi wetu aliitwa Lenox, na mwanafunzi wake ni msichana mmoja, Fancy, anayesomea usafi wa hospitali. Hesabu ilikuwa ya kuchanganya dawa: sehemu moja ya dawa kwa sehemu nne za maji, ndoo ya lita ishirini. Lenox aliifanya ubaoni kwa mwandiko mzuri, akagawanya kwa tano, akapata lita nne za dawa. Mara nne aliuliza, umeelewa? Mara nne Fancy akasema, ndiyo, mwalimu.

Waliotangulia, nilisikia baadaye, walizungumzia mwandiko, kasi, na jinsi ya kusimama mbele ya ubao. Mimi niliomba ruhusa nimsemeshe msichana. Sikumuuliza kama ameelewa. Nilimwambia mimi ni mzee, feri ilinichelewesha, nimekosa somo; tafadhali anifundishe. Nikampa hesabu nyingine: sehemu moja ya dawa kwa sehemu mbili za maji, pipa la lita thelathini. Alishika chaki, akagawanya kwa mbili, akasema dawa ni lita kumi na tano. Lenox alitaka kusema, nilimshika mkono. Nilimwomba Fancy sasa anitilie na maji. Akasema maji ni mara mbili ya dawa, kwa hiyo lita thelathini. Akanyamaza. Tukanyamaza sote, na ukimya ule, Eddah, ndio sehemu ya somo ambayo walimu wengi hatuiwezi. Mwisho akacheka peke yake, akasema, "Mwalimu, pipa langu limefurika." Akafuta, akahesabu sehemu tatu, akapata lita kumi za dawa na ishirini za maji. Hakuna aliyemwambia.

Nilimgeukia Lenox, nikamwambia amefundisha vizuri, isipokuwa swali lake lilikuwa la adabu. Mtoto aliyelelewa vyema pwani hii hawezi kumwambia mwalimu kwamba hakuelewa. Ataona amemvunjia heshima. Neno ndiyo kwake ni salamu tu. Ukitaka kujua alipo, mwombe akuonyeshe.

Nilidhani tumemaliza. Ndipo Bwana Chrispine akauliza, kwa sauti ya upole safari hii, haya nimeyajifunzia wapi. Aliniomba nimtaje mwanafunzi mmoja niliyempoteza. Na hapa ndipo mkia unapoanza.

Nilikutaja wewe.

Niliwaeleza yaliyotokea barazani kwetu, mwaka ulipokuwa darasa la nane. Mimi mwalimu wa miaka thelathini na miwili, wewe kitindamimba wetu. Nilikufanyia hesabu za uwiano daftari zima kwa mwandiko wangu mzuri, nikakuuliza umeelewa. Nikikuita waitika abee, nikikuuliza wasema ndiyo, kaka. Niliondoka nimeridhika. Matokeo yalipokuja, hesabu ilikuangusha.

Lakini kuna neno ambalo hukuwahi kulijua. Baba aliniita kando akaniuliza kama akurudishe shule ujaribu tena, kwa sababu ulikuwa umemwambia wataka kuwa muuguzi. Alisema atafuata nitakalosema, mimi ndiye msomi wa nyumba. Nikamwambia Eddah hana kichwa cha hesabu, heri umpeleke kwenye cherehani. Miaka yote umeamini ni Baba aliyekataa. Hakukataa. Aliuliza, na nikamjibu mimi. Kichwa ulikuwa nacho. Sikukipa nafasi ya kusema.

Niliyasema haya mbele ya watu wawili nisiowajua kabla ya kukwambia wewe, na hilo ni kosa la pili. Naomba unisamehe yote mawili, kwa wakati wako.

Alhamisi Bi Jalila alinipigia simu. Kazi nimepewa mimi, naanza Jumatatu. Alisema wengine walizungumza juu ya kufundisha, mimi nilizungumza juu ya mwanafunzi. Baya alikuja na sahani ya mihogo ya kuchemsha, akasema ile ya shambani kwangu sasa ni yatima. Vijana wangu kumi na mmoja nitawapa sheria moja tu, wewe umeshaijua.

Chuo kina darasa la hesabu la watu wazima wanaotaka kujiunga na masomo ya afya. Linaanza mwezi wa tisa, na nafasi zipo. Sikusemei tena, nilikusemea mara moja, ikatosha.

Nisalimie shemeji Katana, umwambie anywe tangawizi. Wote wa hapa wanakusalimu, na Baya pia.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika hesabu moja ya uwiano. Ifanye leo, wewe mwenyewe, kwa penseli yako, na pale utakapokwama uandike: hapa.

Kakako,
Absalom Mweri