Mwezi wa Saa Nane na Nusu

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii atakusomea mkamwana wako, na ninamwomba asiruke neno, hata pale atakapoona aibu kwa niaba yangu. Naandika nikiwa hapa Kwamndolwa, kwenye nyumba uliyonilelea. Tangu mwanao akuchukue ukakae naye Handeni, nyumba imepooza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukichambua mchele? Chembe hata moja ya mchanga haikukupita. Ukungu ulipoanza kuingia machoni, ulicheka ukasema jirani yetu amekuwa mzuri ghafla, mikunjo yote imefutika. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, hutolewa na mtu akaona tena. Ukakubali. Ukaanza hata kutafuta kanga ya kuvaa siku hiyo.

Ndipo ikaja ile Septemba ya mwaka jana, ya kupatwa kwa mwezi. Ulinisimulia kwamba ulipokuwa msichana kule Dindira, mwezi ulipopatwa mama yako aliwafungia ndani, mkasikia watu wanapiga madebe. "Nimeusikia ukipatwa," ulisema, "sijauona. Safari hii nitolee kiti nje."

Nikajifanya mtaalamu. Ujumbe ulioletwa kwenye simu uliandikwa 8:30 usiku. Aliyeandika alihesabu saa za Kizungu, mimi nikasoma za kwetu: saa nane na nusu. Saa mbili na nusu majirani walipopiga kelele nje, ukauliza kuna nini. Nikakujibu, "Mpira huo, shangazi. Lala, nitakuamsha."

Nilikuamsha. Ukakaa kwenye kiti na blanketi lako, uso juu. Mwezi ulikuwa mzima, unang'aa. Nikafungua simu nikakuta picha za watu, mwezi mwekundu, zimetumwa tangu saa tatu. Nikaelewa. Mimi msomi wa nyumba nimeshindwa kusoma saa!

"Umeanza?" ukauliza.

"Umeanza," nikasema. Nilikusudia kukuambia kweli baada ya kicheko kidogo, lakini ulikaza macho, nami nikazidi kujichimbia. "Unamegwa upande. Sasa umekuwa mwekundu."

"Mimi naona mweupe," ukasema taratibu. Kisha ukajifunika blanketi. "Basi. Macho yamekwisha."

Siku ya hospitali ilipofika, ulikataa. Ulisema macho yaliyoshindwa kuona mwezi mwekundu hayana cha kutengenezwa, tusikuhangaishe bure. Wote walikubembeleza, na mimi nikiwemo, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Ninachukia kukumbuka sauti yangu siku ile. Sasa mkamwana wako ananiambia unamtambua kwa mlio wa ndala zake.

Mficha uchi hazai, shangazi. Nimeficha hadi nakosa usingizi. Mwezi ule ulikuwa mweupe. Ulikwisha kupatwa na kurudi wakati sisi tumelala, kwa kosa langu. Macho yako yalisema kweli, mimi ndiye niliyesema uongo.

Safari hii nimeuliza watu watatu kuhusu saa. Mwezi utamegwa tena Agosti hii, alfajiri ya tarehe 28, kuanzia kama saa kumi na moja na nusu. Hautafunikwa wote, na utazama ukiwa bado umemegwa, kwa hiyo lazima mtu asimame mahali palipo wazi upande wa magharibi. Mwezi hauna madhara kuutazama. Mwakani, tarehe 2 Agosti, ni zamu ya jua, mchana, nalo kwetu litamegwa sehemu tu. Hilo haliangaliwi bila miwani yake maalumu, wala usikubali mtu akupe filamu ya eksirei. Sijui kama Agosti hii tutawahi kuyatengeneza macho yako. Mwakani tunaweza.

Jumamosi nakuja Handeni. Nitapiga magoti mbele ya mwanao na mkamwana wako, niyarudie haya kwa mdomo wangu. Ukitaka kunichapa, fimbo nitaleta mwenyewe. Kisha nitakuomba twende hospitali. Ukikataa kwa sababu umechoka, au unaogopa kisu, nitakuelewa na sitakusumbua tena. Lakini ukikataa kwa sababu ya usiku ule, shangazi, basi si ugonjwa uliokupofusha. Ni mimi.

Nakushika miguu,

Mtoto wa kaka yako