Glasi za Mama Kabati

Mwenzangu, acha unachofanya. Bosi wetu kaumbuka leo mpaka nimemwonea huruma. Mimi! Huruma!

Unazikumbuka zile glasi sitini alizonunua, akatuhutubia saa nzima kwamba vikombe vya plastiki vya kutupa ni mwiko ofisini? Kaandika mpaka kwenye ripoti. Yeye hunywa kwenye chupa yake ya chuma, angejuaje yanayoendelea?

Basi leo kaja mkaguzi wa mazingira. Mama Kabati, yule mpika chai wetu, kaingia na sinia. Maji yako kwenye nini? Vikombe vya plastiki!

Bosi katoa macho. "Mama, glasi ziko wapi?"

"Zipo, bosi. Hakuna hata moja iliyoguswa."

HATA MOJA. Miezi minane!

Kafungua kabati kwa madaha. Kila glasi imeviringishwa kwenye mfuko wake wa plastiki, isiingie vumbi.

"Vyombo vizuri ni vya wageni," anasema.

Mkaguzi kauliza taratibu, "Na mimi ni nani, mama?"

"Wewe umekuja kikazi, baba."

Mwenzangu, nikajifanya nimeangusha kalamu, nikachekea chini ya meza.

Mkaguzi kaondoka na ripoti kwapani, maji hakuyagusa. Bosi kajibwaga kitini, chupa yake tupu, kaomba maji. Mama Kabati kamsogezea kikombe kilekile cha mkaguzi.

"Kunywa hiki, bosi. Si wewe uliyesema tusitupe vitu ovyo?"