Nyumba ya Geti la Kijani

Dada yangu mpenzi,

Pokea shikamoo yangu, hata kama bado umeninunia. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, kile kikohozi cha vumbi kimeniacha na kazi inaendelea. Shemeji simuulizii, na huko mbele utaona kwa nini.

Bado napiga picha za nyumba zinazouzwa. Ulizoea kusema ni kazi ya kubofya tu, lakini ungelibeba begi langu ungenyamaza. Lina stendi ya miguu mitatu, lenzi pana ya kulifanya banda la kuku lionekane ukumbi, na pimamaji ndogo ya kuhakikisha kamera haijainama. Penye dirisha napiga tatu, ya giza, ya kati na ya mwanga, kisha kompyuta inaziunganisha ili nje na ndani kote kuonekane. Halafu nanyoosha kuta, nafuta nyaya, nafuta na picha za familia, maana mnunuzi hataki kukodolewa macho na wenyewe. Kutwa nzima naingia majumba ya watu na sikuti mtu. Kuna wiki sauti pekee ninayoisikia ni ya dalali kwenye simu.

Juzi dalali huyo alinituma mji wenu, nyumba ya geti la kijani. Alisema mwenyewe hatakuwepo, ufunguo uko kwa mlinzi. Nilianzia chumbani. Kitanda kikubwa, mto mmoja katikati. Kabatini, upande mmoja henga tupu. Vyumba vya namna hiyo nimeviona vingi. Nilisema pole kimoyomoyo nikaendelea. Sebuleni nikainua mikono niiondoe fremu ukutani kabla sijapiga. Ndani yake tulikuwa sisi wawili, wewe umenishika sikio, mimi nacheka.

Nyumba hiyo ulihamia baada ya kuniambia nisikanyage tena kwako, kwa kuwa nilisema mumeo ipo siku atakuacha. Miaka miwili hatujasemeshana. Dada, sikufurahi hata chembe kwamba nilisema kweli. Nilikaa sakafuni nikalia, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna kitu kimevunjika.

Nilidhani imetokea tu. Nilipompigia dalali kumwambia picha zitachelewa, akanung'unika kwamba nyumba hiyo ina mambo, kwani mwenyewe aliwakataa wapiga picha wawili akasisitiza niletwe mimi. Ndipo nikaelewa. Ulitaka nijue, na mdomo ulikuwa mzito.

Basi na mimi nikwambie. Yule mchumba wangu ambaye bila shaka shangazi amekusimulia, mwenye gari na adabu zake, hayupo. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga ili msinionee huruma, na kila shangazi akimuulizia namwongezea sifa, hadi sasa nakaribia kumwonea wivu huyo atakayeolewa naye. Jioni nazungumza na kompyuta. Upweke huu umenichosha, dada, na naona na wewe umekuchosha.

Picha sijazituma. Dalali na angoje mpaka tuongee. Nisalimie mlinzi wako. Alinipa maji na hakuuliza zaidi. Shangazi nitamwandikia mwenyewe, ukweli wote, Mungu anisaidie.

Nakuja Jumamosi asubuhi. Tafadhali uwepo.

Ni mimi mdogo wako,
Kimbelembele